Sumaku ya Meza ya Pili

Dadi Mkwepu hakuwa na shahada. Hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho tindikali ilikichukua akiwa na miaka ishirini na miwili, katika karakana ya kupaka nikeli bampa za malori. Hakuwa na mke tena, na hakuwa na mtu wa kumwachia vyombo vyake. Mabinti zake wawili walikuwa wanasheria na hawakutaka hata kuvishika. Hakuwa na gari. Pale kazini hakuwa na kiti cha kuegemea, kwa sababu alisema kiti cha namna hiyo kinamfundisha mtu kusinzia. Na hadi mwaka ule wa 2071, alipotimiza miaka sabini na mmoja, hakuwa na karatasi yoyote ya serikali inayosema kwamba anajua anachokifanya, ingawa kwa miaka kumi na tisa kila njiti iliyosomwa katika Nyumba ya Tone ya Lindi, kituo cha kupima damu, ilikuwa imeoteshwa kwa mikono yake.

Karatasi hiyo sasa ilikuwa njiani. Jumamosi ya wiki ile Baraza la Mafundi lilikuwa linakuja kumpa Cheti cha Fundi Bingwa, cha kwanza kutolewa kwa mtu ambaye elimu yake yote ya juu aliipata kwenye masomo ya jioni, baada ya kazi, akiwa bado ananuka tindikali. Mwenye cheti hicho aliruhusiwa kufundisha. Dadi alikuwa amekwisha chagua chumba cha darasa lake na ukuta wa kuning'inizia ubao.

Asubuhi ya Jumanne alikuwa anaotesha njiti.

Watu wa Lindi ndio waliozipa jina hilo. Vitabuni huitwa nyaya nano, lakini mtu akiziona kwenye picha anaona njiti za kiberiti zilizomwagika. Urefu wa njiti moja haufiki upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Dadi alichukua kisahani cha alumini kilichochomwa kwa umeme hadi kikawa na mamilioni ya matundu yaliyonyooka, akakitumbukiza kwenye maji ya dhahabu, akawasha umeme, akahesabu kwa midomo. Dhahabu ikaota ndani ya matundu. Akakiosha kisahani, akakihamishia kwenye maji ya fedha, akahesabu tena. Dhahabu, fedha, dhahabu, kama mtu anayepanga matofali ndani ya mrija. Mwisho kabisa akaweka nikeli kidogo, ambayo ndiyo kichwa cha njiti, maana nikeli huifuata sumaku na dhahabu haijali. Kisha akakitia kisahani kwenye magadi makali. Magadi yakakila kisahani chote, njiti zikabaki zikielea, na mtu asiyejua angedhani ni maji machafu ya kumwaga.

Njiti za kila mpango wa michirizi zilivikwa mtego wa ugonjwa mmoja. Tone la damu likichanganywa nazo, ugonjwa ukiwamo, hunasa kwenye njiti zake, na rangi inayotiwa baadaye huzifanya ziwake. Kilichobaki ni kusoma. Chini ya taa ya buluu ya hadubini fedha hung'aa na dhahabu huwa nyeusi. Msomaji hutazama zipi zimewaka, kisha huisoma michirizi yake mitano kuanzia kichwani, na michirizi hiyo ndiyo jina la ugonjwa.

Mashine ingeweza kusoma. Iliwahi kusoma, zamani, mpaka siku ilipowaambia watu elfu nne kwamba wana ugonjwa ambao hawakuwa nao, na hakupatikana mtu wa kuulizwa. Ndipo ikatungwa Sheria ya Jicho. Tangu hapo hakuna aliyepewa jibu la damu yake ila liwe limesomwa na binadamu, na jina la binadamu huyo limeandikwa chini ya jibu.

Lindi walikuwa na majina mawili. Meza ya Kwanza alisoma Dadi mwenyewe kila alasiri. Meza ya Pili alisoma Bi Somoe, mwanamke wa Kilwa mwenye miaka hamsini na tisa, mpole wa mikono na mkali wa maneno, aliyekuwa hapo mwaka wa kumi na moja.

Magadi yalikuwa bado yanachemka chemka pale mlango wa mbele uliposukumwa.

"Nani hapa anaitwa Somoe?"

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, ameshika bahasha kubwa kama anayetaka kumpiga nayo mtu.

"Ndiye miye," akasema Bi Somoe. "Karibu, mwenzangu. Kaa."

"Sikai. Nimekaa siku kumi na sita nikingoja kufa, nimechoka kukaa. Naitwa Asumini. Uliniandikia kwamba ini langu lina alama mbaya. Nimetoka hospitali ya rufaa, wamenipiga picha mara tatu. Ini halina kitu. Daktari wa kule kaniambia ini kama langu angependa kuwa nalo yeye."

"Basi si ni heri hiyo?"

"Heri iko wapi? Nimegawa doti zangu nane. Ile ya harusi nimempa wifi yangu kwa mikono yangu, huku nalia. Leo asubuhi nimekwenda kuichukua, kaniambia zawadi hairudi kwa sababu tu mtu hakufa."

Dadi alitoka kwenye chumba cha maji, akijifuta mikono. Alikuwa na namna yake ya kusimama mbele ya wageni, kifua mbele na mkono wa kushoto nyuma.

"Mama, pole. Lakini njiti zangu hazidanganyi."

"Basi aliyedanganya ni nani, mzee? Mimi?"

Kila tone lililosomwa liliwekwa kwenye baridi, ndani ya kisahani chake cha kioo, kwa siku arobaini. Dadi akakitafuta kisahani chenye namba ya Bi Asumini, akakiweka kwenye hadubini ya Meza ya Pili, kulekule kilikosomwa, akaiwasha picha ukutani ili wote watatu waone. Njiti zikatokea, zimelala sambamba, vichwa vyote upande mmoja, kama sumaku iliyo chini ya meza inavyozipanga. Kiasi cha kumi zilikuwa zinawaka. Nikeli ya kichwani huwa haionekani vizuri kwenye taa ya buluu, huwa kama kivuli tu, na hakuna msomaji anayejisumbua kuitafuta.

"Fedha, fedha, dhahabu, fedha, dhahabu," akasoma Dadi. "Kichocho. Hii ni kichocho, Bi Somoe."

"Dhahabu, fedha, dhahabu, fedha, fedha," akasoma Bi Somoe. "Ini. Kama nilivyoandika."

Bi Asumini akamtazama huyu, akamtazama yule. "Nyinyi mnasoma kitu kimoja?"

Kidole cha Dadi kilikuwa kimeishia upande wa kulia wa picha. Kidole cha Bi Somoe kilikuwa kimeishia kushoto.

"Unaanzia wapi?" akauliza Dadi.

"Kulia. Siku zote naanzia kulia. Nilikaa chuoni miaka sita nikisoma msahafu kabla sijaiona shule. Jicho langu likikutana na mstari linakwenda kulia lenyewe, hata nilikemee. Marehemu Mzee Kwembe, aliyekuwa akizitunza meza hizi, alinigundua siku ya kwanza. Akaigeuza sumaku ya meza hii, vichwa vije kulia, akasema jicho la mtu lina miaka arobaini, sumaku ina skrubu nne, bora tugeuze sumaku."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Dadi akatazama chini ya meza. Alikuwa anaiona asubuhi moja wiki tatu nyuma, alipopita vyumba vyote na kitambaa na bisibisi ili Baraza la Mafundi likija likute kila kitu mahali pake. Chini ya Meza ya Pili alikuta mshale wa sumaku unaelekea ukutani, na wa kwake ulielekea dirishani. Alisonya. Alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, kwamba watu hawana utaratibu. Akafungua skrubu nne, akaigeuza sumaku, akakaza, na kwenye daftari la matengenezo akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Sumaku M2 imerekebishwa. Siku ile alikula chakula cha mchana kwa furaha.

"Niliigeuza mimi," akasema.

"Weye?"

"Mimi. Ulikuwa Kilwa, kwenye harusi."

"Na niliporudi ukanyamaza."

"Sikuona kama kuna la kusema. Nilidhani nimerekebisha."

"Umenirekebisha kweli, Mzee Mkwepu." Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Siku ishirini na tatu nimekaa kwenye kiti hiki nikiwasomea watu kinyume."

"Ngojeni kwanza," akasema Bi Asumini. "Kwa hiyo miye nina kichocho tu?"

"Kichocho tu, mama. Vidonge, siku moja."

Hapo Bi Asumini akakaa. Alicheka mpaka bahasha ikamdondoka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akacheka tena. "Nipeni hivyo vidonge," akasema. "Nataka nikagombane na wifi nikiwa na nguvu zangu zote."

*

Daktari Subilaga, mkuu wa kituo, alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mrefu, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akafunga mlango wa mbele na kutundika kibao cha kuwaomba watu warudi kesho. Wakavitoa visahani vyote vya Meza ya Pili vya siku ishirini na tatu. Vilikuwa mia sita na kumi na moja. Walisoma watatu pamoja, kwa sauti, kuanzia saa tano hadi alasiri.

Kazi haikuwa nzito kama walivyoogopa. Kituo kilipima magonjwa manane. Sita kati yake yalipewa michirizi inayosomeka sawasawa kutoka kila upande, kwa hiyo hayo hata sumaku ingesimama kichwa chini yasingebadilika. Mawili yaliongezwa baadaye, mipango ya namna hiyo ilipokwisha, na walioongeza waliona si vibaya moja liwe kinyume cha jingine maadamu kichwa cha nikeli kipo. Mawili hayo yalikuwa kichocho na alama ya mwanzo ya saratani ya ini.

Kufikia saa tisa walikuwa na majina manne ya watu walioambiwa ini nao wana kichocho, Bi Asumini akiwa wa pili.

"Nilisema mwezi huu ini zimezidi," akasema Daktari Subilaga. "Nikajua ni sumukuvu kwenye karanga. Nimemwandikia bwana shamba kurasa mbili."

"Naye kafanya nini?" akauliza Dadi.

"Amefunga soko la karanga."

Bi Somoe akauma ncha ya mtandio ili asicheke. "Ndiyo maana jana nimekosa karanga za kisamvu," akasema, na wote watatu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua hawastahili kucheka. Wale watatu waliobaki wangepigiwa simu kabla jua halijazama. Watatu hao wangelala usingizi mzuri.

Kisahani cha mia tano na arobaini walikisoma mara mbili. Jibu lililotolewa lilikuwa kichocho. Njiti zilizowaka zilikuwa sita tu, na zote sita zilisema ini.

Aliitwa Chande Nampota, miaka thelathini na minane, fundi wa kupandisha mitambo ya upepo. Bi Somoe alimkumbuka. Alimeza vidonge palepale dirishani, akarudisha glasi, akauliza kama kuna ugonjwa mwingine rahisi kama huo aupate, kisha akatoka akipiga mluzi.

"Sita ni chache," akasema Dadi.

"Ni chache, na ndiyo maana tuna njiti," akasema Daktari. "Zikiwa sita, mtu anakatwa kipande kidogo kama kipande cha sabuni, wiki ya pili anarudi kazini. Bila njiti tungemjua zikiwa elfu." Hakueleza zikiwa elfu inakuwaje. Alikuwa amekwisha shika simu.

Namba iliyoandikwa ilikuwa ya dada yake. Dada akasema kaka yake hubadilisha namba kama shati, na kwamba alimuaga akisema anakwenda Singida. Kampuni ya mitambo ikajibu kwamba kikosi kipo Singida kweli, kimegawanyika kwenye vilima vitatu, kazi inakwisha Jumamosi na kila mtu atashika njia yake. Kuhusu Nampota yuko kilima gani hawakuweza kusema. Habari za mfanyakazi hazitolewi ila kwa Tangazo la Afya.

Daktari akaweka simu chini. Alimtazama Dadi kwa namna ambayo Dadi hakuipenda, kwa sababu ilikuwa na huruma.

Wote watatu waliijua sheria. Tangazo la Afya hutolewa na wizara, na wizara hailitoi mpaka iwe na Barua ya Kosa. Barua hiyo ilikuwa kitu pekee pale kituoni kilichokuwa bado kinaandikwa kwa mkono, juu ya karatasi, kikafungwa kwa lakiri, nta ya kuyeyushwa, na kupelekwa na mbebaji. Katika mambo ya wale watu elfu nne kumbukumbu za mashine zilikutwa zimefutwa, na waliotunga sheria walitaka kitu ambacho hakifutiki kwa kidole. Barua hiyo husema mambo matatu: kosa ni lipi, limemgusa nani, na ni la nani. Jina moja. Na mwenye jina hilo hapewi cheti chochote cha Baraza kwa miaka mitano.

"Mzee Dadi," akasema Daktari, "kwa miaka mitatu nimelisumbua Baraza kwa ajili yako. Nikiituma barua Jumamosi mchana, baada ya sherehe, itafika Jumapili."

"Kikosi kinavunjika Jumamosi."

"Huenda akabaki siku mbili tatu. Watu wakimaliza kazi hupumzika." Yeye mwenyewe hakuonekana kuamini. "Sikushauri. Nakwambia tu yaliyopo. Na lingine lililopo ni kwamba chini ya jibu la Nampota limeandikwa jina la Bi Somoe. Wizara husoma jina lililo chini ya jibu. Haisomi daftari la matengenezo."

Bi Somoe alikuwa anavirudisha visahani kwenye baridi, kimoja kimoja. Hakugeuka.

"Nipe hadi kesho asubuhi," akasema Dadi.

*

Jumatano alifika saa moja, akamkuta Bi Somoe amemtangulia. Juu ya meza ya chai kulikuwa na birika, vikombe viwili, na mkate wa kumimina uliokatwa vipande.

"Kula," akasema. "Uso wako umekuwa kama gunia tupu."

Dadi akala. Ulikuwa mkate mzuri, wenye iliki.

"Nimefikiri," akasema Bi Somoe. "Barua niandike miye."

"Uandike nini?"

"Kwamba nilisoma kinyume. Si kweli? Nilisoma kinyume, na jina ni langu. Desemba naondoka hapa, nakwenda kulea wajukuu. Hao wajukuu hawataniuliza cheti. Jina langu halina pa kwenda, Mzee Mkwepu. Lako lina ubao na darasa."

Dadi aliweka kipande cha mkate chini. Haitakuwa kweli kusema kwamba alikataa hapohapo. Aliiacha chai mpaka ikafanya utando. Aliliona darasa lake: mafundi wa kuchomelea, mafundi wa simu, akina mama wa kupaka rangi vyombo, watu wa saa kumi na moja jioni kama alivyokuwa yeye, wamekaa wima wakimsikiliza. Alitafuta uongo ndani ya maneno ya Bi Somoe na hakuuona. Nampota angetafutwa leo leo. Bi Somoe angelea wajukuu. Kila mstari wa barua hiyo ungekuwa kweli.

Akainuka, akaenda hadi Meza ya Pili, akainama kwa shida ya magoti, akautazama mshale wa sumaku. Jana Daktari alikuwa ameagiza usiguswe mpaka kosa liandikwe. Bado ulielekea dirishani, mahali alipouelekeza yeye.

"Ukiandika wewe," akasema akiwa bado ameinama, "wizara watasahihisha nini?"

"Watasahihisha wanachotaka."

"Watasahihisha jicho lako. Watakaa chumbani Dodoma, watasoma kwamba msomaji mmoja wa Lindi huanzia kulia, na watapitisha kwamba waliozoea kuanzia kulia wasikae kwenye hadubini. Pwani yote hii. Wasomaji wangapi wamepita chuoni kama wewe?"

"Nusu. Zaidi ya nusu."

"Na jicho lako halijawahi kukosea. Miaka kumi na moja. Lililokosea ni bisibisi." Akasimama, akishika ukingo wa meza. "Na mtu mwingine mwenye bisibisi, Mtwara au Kilwa, atapita kesho na kitambaa chake akiona mshale umekaa vibaya. Hakuna atakayemwambia aulize kwanza mwenye meza."

Bi Somoe alimimina chai mpya kwenye kikombe cha Dadi, akakisogeza mbele ya kiti chake.

"Mtu mwenye majivuno kama weye," akasema, "sikudhani ungelifikia hilo kabla ya saa nne."

"Nilete karatasi?"

"Zipo hapo. Nimeziweka tangu nilipofika."

Aliandika. Kalamu ilikuwa ya wino, mwandiko wake ulikuwa ule wa masomo ya jioni, herufi zimesimama kama watoto wa gwaride. Alipomaliza ukurasa wa kwanza Bi Somoe akauchukua bila kuomba.

"Mimi Dadi Mkwepu, niliyeanza kazi ya kupaka nikeli nikiwa kijana," akasoma, "na ambaye kwa juhudi zangu mwenyewe, bila msaada wa mtu, nilijiendeleza." Akamtazama juu ya miwani. "Kuna mtu yuko juu ya mnara Singida anangoja, na weye unamsimulia bampa."

"Ni utangulizi."

"Upunguze."

Aliupunguza. Bi Somoe akausoma tena, akaweka kidole. "Na hapa, katika hali ya kutaka kuboresha mazingira. Hii nini?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa, lakini inanukia kujitetea."

Dadi akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu jana. Akachukua karatasi ya tatu. Barua iliyobaki ilikuwa hivi:

*Kwa Mkuu wa Matangazo ya Afya, Dodoma.*

*Mimi, Dadi Mkwepu, mwoteshaji na msomaji wa Nyumba ya Tone ya Lindi, niligeuza sumaku ya Meza ya Pili bila kumuuliza wala kumwarifu msomaji wa meza hiyo. Sumaku ilikuwa imewekwa kinyume kwa makusudi, ili ifae jicho lake, na alikuwa akisoma kwa usahihi kwa miaka kumi na moja. Baada ya mimi kuigeuza, majibu matano yalitoka kinyume. Wanne wamekwisha arifiwa. Wa tano ni Chande Nampota, fundi wa mitambo ya upepo, ambaye yuko kwenye moja ya vilima vitatu vya kikosi chake Singida hadi Jumamosi. Aliambiwa ana kichocho. Ana alama ya mwanzo ya ini, njiti sita. Atafutwe na aambiwe leo.*

*Naomba pia iandikwe katika kanuni: anayegusa meza ya mwenzake amuulize kwanza. Msomaji huyo asiadhibiwe wala jicho lake lisibadilishwe.*

*Kosa ni langu.*

"Hii sasa ni barua," akasema Bi Somoe.

Daktari Subilaga aliingia saa mbili na nusu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani. Alipofika mwisho alirudi juu akaisoma tena.

"Shikamoo, Mzee Dadi," akasema, ingawa alikuwa amekwisha mwamkia alipoingia.

"Marahaba."

"Nitawapigia Baraza wasije."

"Waache waje," akasema Dadi. "Wamekwisha kata tiketi. Waje waone meza mbili zenye sumaku mbili tofauti, nitawaeleza kwa nini. Wakitaka kuondoka na cheti chao waondoke nacho."

"Na pilau tayari nimewapa watu mchele wauchambue," akasema Bi Somoe. "Siwezi kuwaambia waurudishe na mawe yake."

Daktari akatoa kiberiti. Lakiri ilikuwa kijiti chekundu kilichokaa kwenye droo tangu kituo kilipofunguliwa, kimekauka hadi kikapasuka. Dadi hakutaka asaidiwe. Aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akaishikilia lakiri juu ya moto mpaka ikaanza kulia machozi, akayaacha yadondoke juu ya mkunjo. Alipima kwa jicho kama apimavyo dhahabu, matone manane, wala si saba. Kisha akagandamiza muhuri wa kituo na kuhesabu kwa midomo hadi ishirini.

"Bado kidogo," akasema Bi Somoe.

"Najua," akasema Dadi. Akahesabu hadi thelathini.

Posta ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano, na alitembea kwa kumi na mbili. Jua lilikuwa limepanda, wauza uji walikuwa wanakunja meza zao, na Dadi aligundua kwamba ana njaa, na kwamba alikuwa amesahau kuficha mkono wa kushoto. Nyuma ya dirisha la posta alikaa karani mwenye upara aliyekuwa anakunywa chai kwenye sahani.

"Lakiri," akasema karani, akiigeuza bahasha. "Miaka sita sijaiona hii. Kuna kosa humu?"

"Lipo."

"La nani?"

"La kwangu."

Karani akaweka sahani ya chai chini, akafuta vidole kwenye suruali kabla ya kuishika bahasha vizuri. "Ya kawaida au ya haraka, mzee?"

"Ya haraka."

Akaigonga muhuri wa saa, akaitumbukiza kwenye mfuko mwekundu, akavuta kamba ya mfuko na kuifunga mafundo mawili. Uani ndege ndogo ya saa tatu, isiyo na rubani, ilikuwa imekwisha anza kuzungusha mapanga yake. Karani akatoka nje mwenyewe, akaufunga mfuko chini ya tumbo la ndege, akarudi nyuma hatua tatu na kuinua mkono. Ndege ikapanda juu ya bati za soko, ikageuka kuelekea bara, na Dadi akasimama pale dirishani akiitazama hadi ikawa ndogo kuliko njiti.